Fomula umeigeuza lakini jibu halikubali: hesabu za birika na tangi zinapoharibika, na pa kuangalia kwanza

Masika yakikaribia mafundi wanaanza kuitwa huku na huku, mtu anataka birika la kukingia mvua, mwengine ana tangi na hajui limebaki na maji kiasi gani, mwengine anachimba karo, na maswali yote mwisho yanarudi kwenye swali moja: fomula naijua toka skuli, mbona nikiigeuza napata kitu hakieleweki?

Fomula yenyewe, kwa kitu cha duara kama pipa, ni hii:

V = π × r² × h

V ni ujazo, r ni nusu kipenyo yaani toka katikati mpaka ukutani, h ni kimo, π weka 3.142 inatosha. Ukiwa na r na h hakuna kazi, unazidisha tu. Taabu inakuja pale ambapo V unayo tayari, mana umeshaamua unataka lita 5000, na unachotafuta ni h ya kumwambia fundi, au r. Hapo ndo watu wanapotea, na wanapotea pale pale kila siku, kwa hiyo nimepanga kwa dalili. Tafuta ya kwako, anza na sababu ya mwanzo mana ndo inayowapata wengi, ukiona siyo shuka inayofata.

Ntatumia mfano mmoja ili tusichanganyikiwe. Birika la duara, lita 5000 ambazo ni mita za ujazo 5, nafasi uwani inaruhusu upana wa ndani mita 1.8, kwa hiyo r ni 0.9. Tunatafuta h:

h = V ÷ (π × r²)
h = 5 ÷ (3.142 × 0.81)
h = 5 ÷ 2.545
h = mita 1.96

Ikae kichwani hiyo 1.96, kila kosa tutalipima nayo.

Kabla hujaangalia dalili yoyote fanya kitu kimoja cha dakika moja: chukua jibu ulilopata ulirudishe kwenye fomula ya mwanzo, ile ya V, uone kama linakupa ujazo uliouanza. 3.142 × 0.81 × 1.96 inatoa 4.99, karibu kabisa na 5, basi tumegeuza sawa. Ikitoa 3 au 20 usimpigie fundi simu bado. Wengi hawafanyi hivi, na mie naona ndo sababu birika la watu linakuja kujulikana dogo siku ya kujaza maji.


DALILI: Jibu ni la kichekesho, mita 1965 au sentimita 0.2

Hii ndo rahisi kuliko zote mana inajitangaza yenyewe.

Sababu ya kwanza, na mara nyingi huna haja ya kutafuta nyengine, umechanganya vipimo. Umeweka lita 5000 kwenye V huku r iko kwa mita. Fomula haijui lita, ukiipa mita inataka mita za ujazo. Gawa lita kwa 1000 kwanza. Ukiwa unafanya kwa sentimita basi kinyume chake, lita moja ni sentimita za ujazo 1000, kwa hiyo lita 5000 ni 5,000,000, na r ni 90. Ukiweka 5000 tupu na r ya 90 unapata 0.196, afu mtu anajisemesha "aah hiyo itakuwa mita", anakwenda kujenga kina cha sentimita 20, labda ni la kuogea bata.

Sababu ya pili ni futi. Mafundi wetu wengi wanafikiri kwa futi na inchi, duka linauza tangi kwa lita, na skuli tumefundishwa mita, sasa hizo lugha tatu zinakutana kwenye karatasi moja. Hakuna ubaya kufanya kwa futi ilimradi kila kitu kiwe futi. Futi moja ya ujazo inachukua lita 28.3, kwa hiyo lita 5000 ni futi za ujazo kama 176.6. Kosa linalorudi sana: mtu anajua mita moja ni futi 3.28, basi anasema mita moja ya ujazo ni futi za ujazo 3.28. Sio. Unafanya 3.28 × 3.28 × 3.28, urefu na upana na kimo, inakuja 35.3.

Ya tatu ni ndogo lakini inauma. Jibu lako limetoka futi 6.46, fundi anasoma futi 6 na inchi 4 na nusu, au mbaya zaidi anakuuliza hizo inchi 46 azipate wapi. Hiyo .46 ni sehemu ya futi, izidishe na 12, utapata inchi 5 na nusu. Mwandikie fundi "futi 6 inchi 5½", usimwachie desimali.

Kama umeangalia vyote hivyo na jibu bado la ajabu, futa yote uandike upya ukiweka kipimo pembeni ya kila namba. Usiandike 0.9 tu, andika 0.9 mita.


DALILI: Jibu ni robo ya linalotakiwa, au mara nne yake

Umetumia kipenyo badala ya nusu kipenyo. Futikamba inapita juu ya birika toka ukuta mpaka ukuta, inasema 1.8, unaitia 1.8 kwenye r. Kwa sababu r inazidishwa yenyewe kwa yenyewe, ukiiongeza mara mbili matokeo yanakwenda mara nne: 5 ÷ (3.142 × 3.24) ni mita 0.49. Ukiona 0.49 badala ya 1.96 hata usitafute, gawa kipenyo kwa mbili urudie.

Wengine wanapima kwa kamba kuzunguka tangi kwa nje, na hiyo ni njia nzuri sana kwa tangi lililo juu ya stendi ambalo huwezi kupanda. Hapo unachopata ni mzingo, C, na fomula yake ni C = 2 × π × r, kwa hiyo r = C ÷ (2 × π), yaani gawa kwa 6.284. Kamba ikisoma mita 4.08 basi r ni 0.65. Kosa ni kugawa kwa 3.142 peke yake, inakupa kipenyo, unaiita r, umerudi kule kule kwenye mara nne.

Ila kamba ya nje kwenye birika la zege au matofali ina mtego wake, nakuja huko chini.


DALILI: Jibu linaaminika kabisa, fundi kajenga, lakini maji hayatimii

Hii ndo ninayoiogopa. Mita 1965 kila mtu ataicheka, lakini mita 1.29 nani atashtuka? Ni kimo cha kawaida cha birika. Kwa hiyo kosa linapita kwako, linapita kwa fundi, simenti inakwenda, na unakuja kujua mwezi wa sita mvua zimeshakata.

Sababu ya kwanza: mabano kwenye kalkuleta. Ukibonyeza 5 ÷ 3.142 × 0.81 = kalkuleta ya simu inagawa kwanza kwa 3.142, halafu jibu inalizidisha kwa 0.81. Ulitaka 0.81 iwe chini ya mstari wa kugawanya, yenyewe imeipandisha juu. Inatoka 1.289. Jenga hiyo na birika lako litachukua lita 3280, umepoteza lita 1700 na zaidi bila kalkuleta kukwambia chochote. Dawa ni mbili, chagua: ama weka mabano 5 ÷ (3.142 × 0.81), ama tafuta kwanza cha chini uandike pembeni 2.545 halafu 5 ÷ 2.545. Mie napendelea ya pili hasa kwa mtu anayetumia simu, mana kwenye simu nyengine mabano yamefichwa mpaka ulaze skrini. Pia unaweza kugawa mara mbili, 5 ÷ 3.142 ÷ 0.81, inafika pale pale.

Sababu ya pili: umesahau kuzidisha r yenyewe. 5 ÷ (3.142 × 0.9) ni 1.77, nayo pia inaaminika, na birika lake ni la lita 4500. Au umezidisha r mara mbili ukafikiri ndo r², 0.9 × 2 ni 1.8 wakati r² ni 0.81.

Sababu ya tatu sio ya kalkuleta, ni ya namna ulivyogeuza. Skuli tulizoea kuambiwa "ukivusha ng'ambo ya pili inabadilika", basi mtu anavusha herufi kama anavusha watu kwa ngalawa, mara hii abaki mara yule aende, na hajui kwa nini. Usivushe chochote. Kinachofanyika ni kwamba pande mbili za alama ya sawasawa zina uzito mmoja, ukiufanyia huu jambo ufanyie na ule. V = π × r² × h, h imezidishwa na kitu kinachoitwa π × r², basi gawa pande zote mbili kwa hicho kitu kizima, kizima, sio nusu yake.

Na pale fomula inapokuwa na vitu viwili vilivyofanywa juu ya h, mpangilio una maana. Mfano halisi: birika halijai mpaka juu. Kuna paipu ya kumwagia maji yakizidi, tuseme imekaa sentimita 15 chini ya mdomo, na bomba la kutokea maji liko sentimita 10 juu ya sakafu ili matope yabaki chini. Jumla sentimita 25 ambazo sio maji unayoyatumia. Tuiite d, ni mita 0.25. Fomula inakuwa:

V = π × r² × (h − d)

Kwenye h kilichofanyika kwanza ni kutoa d, kisha ndo ikazidishwa na π × r². Kurudi nyuma unaanza na cha mwisho, ni kama gari la ng'ombe, gunia lililopakiwa mwisho ndo linashuka mwanzo. Kwa hiyo gawa kwanza, halafu ongeza d:

h = V ÷ (π × r²) + d
h = 1.96 + 0.25 = mita 2.21

Mtu anayeanza na d anaandika (5 + 0.25) ÷ 2.545 anapata 2.06, anaona sawa tu, na birika linakuwa na upungufu wa karibu lita 400. Kuna njia ya kumkamata huyu bila kupiga hesabu hata moja: 5 ni mita za ujazo na 0.25 ni mita za urefu, hivyo viwili havijumlishiki, huwezi kujumlisha pishi ya mchele na urefu wa meza. Ukiona kwenye karatasi yako unajumlisha vipimo visivyo vya aina moja, simama hapo hapo, umegeuza vibaya.

Sababu ya nne, ukuta. Umezungusha kamba kwa nje ya birika la matofali, umepata mzingo wa mita 6.6, r inatoka 1.05, lakini ukuta una unene wa inchi 6 ambazo ni kama sentimita 15, kwa hiyo r ya maji ni 0.9. Ukitumia 1.05 unajidanganya kwa zaidi ya thuluthi. Toa unene wa ukuta kwenye r mara moja tu, kwenye kipenyo unautoa mara mbili. Na plasta nayo inakula, plasta ya sentimita 2 ndani inashusha r mpaka 0.88 na lita zaidi ya 200 zimekwenda. Muulize fundi kipimo alichonacho ni kabla ya plasta au baada ya plasta.

Ya mwisho, na naiweka mwisho kwa makusudi mana watu huanza nayo: "labda ni ile π, nimetumia 22/7 yeye katumia 3.14". Hapana. Tofauti ya hizo mbili kwenye lita 5000 haifiki lita 5. Achana nayo.


DALILI: Kimo nimeshapangiwa, natafuta upana, jibu linatoka kubwa mno au dogo mno

Hii inawapata sana watu wa kusini na mashariki ya Unguja, Makunduchi, Jambiani, Paje na huko kote kwenye ardhi ya maweni. Unachimba kidogo tu unakutana na jiwe, fundi anasema mie zaidi ya mita 1.2 sishuki, basi h imefungwa na kinachobaki kutafutwa ni r.

r² = V ÷ (π × h)
r² = 5 ÷ (3.142 × 1.2) = 1.326
r = √1.326 = mita 1.15

Kwa hiyo upana wa ndani ni mita 2.30.

Angalia kwanza kama umesahau kipeuo. 1.326 sio r, ni r². Ukichimba kwa r ya 1.33 utapata birika la lita 6670, hela ya simenti imekwenda bure, ingawa huyu angalau ana maji. Halafu angalia kama umegawa kwa mbili ukidhani ndo kipeuo. 1.326 ÷ 2 ni 0.66, na birika lake linachukua lita 1660 tu, huyu ndo wa kumwonea huruma. Tafuta alama ya √ kwenye kalkuleta, na hakikisha kwa kulizidisha jibu lenyewe kwa lenyewe, 1.15 × 1.15 ni 1.32, sawa.

Watu wanashtuka pia r² ikiwa chini ya moja. Kipeuo cha 0.42 ni 0.65, kimekuwa kikubwa kuliko namba yenyewe, wanafikiri simu imeharibika. Haijaharibika, ndivyo ilivyo kwa namba zilizo chini ya moja.


DALILI: Jibu limetoka hasi

Mara nyingi hii inatokea mtu anapopima maji kwa kutokea juu. Kwenye birika la msikiti au la nyumbani ni rahisi zaidi kushusha ufito toka mdomoni mpaka usawa wa maji kuliko kutafuta chini. Tuseme birika la mstatili, mita 2 kwa 1.5, eneo la chini A ni 3, kina chote H ni 1.6, na k ni nafasi tupu ya juu.

V = A × (H − k)

Unataka kujua ufito usome ngapi maji yakiwa lita 3900. Gawa kwa A: 3.9 ÷ 3 = 1.3, hicho ndo kina cha maji, H − k. Basi k = H − 1.3 = 0.3. Ufito usome sentimita 30.

Ukipata −0.3, umegeuza kutoa, umefanya 1.3 − 1.6. Namba ni ile ile, alama ndo imeharibika, na hili ndo kosa la watu waliozoea kuvusha.

Ukipata hasi nyengine ambayo haifanani, kwa mfano umeuliza lita 5100 ikatoka −0.1, hapo hesabu haijakosea. Inakwambia maji yatazidi mdomo kwa sentimita 10, birika lako mwisho wake ni lita 4800. Usiifute hiyo alama ya hasi ukajifanya hujaiona.

Ndugu yake, ingawa hapa jibu halitoki hasi, ni hesabu ya uzio. P = 2 × (L + W), P ni mzunguko wote, L urefu, W upana. Una waya mita 100, urefu wa kiwanja 32, upana utoshe ngapi? Gawa kwa mbili kwanza, 50, toa 32, ni 18. Anayeanza kutoa anafanya (100 − 32) ÷ 2 anapata 34, akirudisha kwenye fomula inamwambia anahitaji mita 132 za waya.


DALILI: Hesabu imerudishwa, imekubali, na tangi la mvua bado halijai

Maji ya paa yana fomula nyepesi kuliko zote: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Basi V = A × mvua, hapa V ni kwa lita, A ni eneo la paa kwa mita za mraba na mvua kwa milimita, na ukitaka kujua mvua ya kiasi gani itajaza tangi, mvua = V ÷ A. Paa la mita za mraba 60 na tangi la lita 3000, unahitaji milimita 50.

Kama imenyesha hizo 50 na tangi halijafika, angalia gata kwanza, kwa macho, panda ngazi. Majani ya mwembe yamejaa, kiungo kimeachia, maji yanamwagika pembeni. Halafu angalia kama gata lipo upande mmoja tu wa paa huku wewe umehesabu paa zima, hapo A ni nusu.

Baada ya hapo kuna maji yanayopotea hata gata likiwa zima, yanaruka, yanakauka kwenye bati la moto, na yale ya mwanzo unayamwaga mana yanaosha vumbi na kinyesi cha kunguru. Weka 0.8 kwenye fomula, V = 0.8 × A × mvua, kwa hiyo mvua = V ÷ (0.8 × A), 3000 ÷ 48 ni milimita 62.5. Mabano tena hapo, usisahau.

La mwisho, A inapimwa chini. Pima nyumba pamoja na upenu kama unatazama toka juu, usipime bati kwa mteremko wake. Bati lenye mteremko ni refu zaidi lakini mvua inayoipata ni ya eneo la chini yake.

Watu wa Pemba mna mvua kuliko sisi wa Unguja, lakini gata likivuja nalo linavuja zaidi.


DALILI: Pampu inajaza kwa muda mrefu kuliko hesabu

Muda = V ÷ kasi. Pima kasi kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu, ikijaa kwa sekunde 30 basi ni lita 40 kwa dakika, na tangi la lita 1000 ni dakika 25. Usitumie namba iliyoandikwa kwenye pampu, hiyo ni ya pampu isiyopandisha maji popote, yako inapandisha ghorofani. Na pima pale juu paipu inapomwagia, usipimie chini ilipo pampu. Ikizidi sana hapo sio hesabu tena, ni valvu, au umeme mdogo, au kisima kinakauka.


DALILI: Tangi limelala, fomula haigeuki kabisa

Hujakosea. Tangi la duara lililolazwa, kama la gari la maji, ujazo wake kwa kina cha maji una fomula ndefu na ile h iko ndani zaidi ya mahali pamoja, hakuna namna ya kuitoa peke yake kwa kugawa na kutoa. Unachoweza kukijua kirahisi ni kwamba maji yakifika nusu ya kimo ni nusu ya ujazo, lakini robo ya kimo sio robo ya ujazo, ni kidogo zaidi, karibu moja ya tano. Njia ya kweli ni ufito wenye alama: jaza kwa ndoo au kwa dumu la lita 20, kila baada ya kiasi fulani weka alama. Kazi ya siku moja na hutohitaji kalkuleta tena.


HAPA SIMAMA, ITA MTU

Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo lita 5000 ni tani 5. Hesabu ya ujazo haikwambii kama paa au slabu itabeba. Usiweke tangi juu ya nyumba bila mhandisi kuangalia, na kwa nyumba za Mji Mkongwe zenye kuta za mawe na chokaa na dari za boriti usifikirie hata tangi dogo kabla ya kuongea na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe.

Birika la kina cha mita 2 maji yake yanasukuma chini kabisa kwa nguvu ya kama tani 2 kwa kila mita ya mraba, na ukuta unasukumwa hivyo hivyo. Matofali matupu bila nondo yanaweza kufunguka. h yako ikivuka mita moja na nusu mwite anayejua zege.

Usiingie ndani ya karo, kisima au birika lililofungwa kwa siku nyingi ili kupima r. Hewa ya mle inaweza kukuangusha kabla hujahisi chochote, na anayeshuka kumwokoa mwenzake anaanguka naye. Pima kwa kamba na ufito ukiwa juu. Pampu ya petroli nayo isishushwe kisimani, moshi wake unaua.

Kisima cha karibu na pwani, ukikizidisha kina ili kupata ujazo zaidi unaweza kukutana na maji ya chumvi, na ukishayavuta hakuna fomula ya kuyarudisha. Uliza watu wa maji kwanza. Umbali wa karo na kisima muulize afisa afya, na dozi ya klorini vile vile, hata kama umeshaipigia hesabu mwenyewe.

Na ukimwita huyo mhandisi au fundi, usimpe jibu lako peke yake. Mpe vipimo vyenyewe kama futikamba ilivyosoma, mwambie kipi cha ndani kipi cha nje, kipi futi kipi mita, kabla ya plasta au baada yake, halafu apige yeye mwenyewe muone kama mnakutana.